Kristo Awe Kiini cha Mahubiri Yetu: Hotuba kwa Wahubiri wa Goma

Baba wachungaji, mama wachungaji, wainjilisti, makatekista, ninyi wazee wa kanisa mnaopanda mimbarani mchungaji akiwa safarini, na ninyi vijana wa vyumba vya maombi mliokubali kuketi pamoja nasi, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Nimeombwa niseme juu ya Kristo kuwa kiini cha mahubiri, na muda wote niliopewa nitautumia kulifafanua jambo moja: mahubiri ambayo yangebaki kuwa kweli vilevile hata kama Yesu hangekufa wala kufufuka, hayo bado hayajawa mahubiri ya Kikristo, hata yakiwa yametolewa katika Biblia mstari kwa mstari, hata yakiwa yamewaliza watu na kuwainua vitini.

Kila mmoja wetu anaweza kujipima mwenyewe nyumbani. Achukue daftari lake, afungue mahubiri ya Jumapili iliyopita, aondoe ndani yake msalaba na kaburi lililo wazi, kisha atazame ni kitu gani kimeanguka. Kama shauri la kuvumilia limebaki limesimama, kama hatua za kupata ushindi zimebaki, kama onyo juu ya ulevi na zinaa limebaki bila hata kutikisika, basi alichokihubiri kingeweza kusemwa na mzee yeyote mwenye hekima katika kijiji chochote, awe anamjua Mungu wa Biblia au hamjui. Hekima ya wazee ni njema na sisi tumelelewa nayo. Lakini kwa ajili yake hakuna aliyehitaji kusulubiwa. Wala kulitaja jina la Yesu mara nyingi hakutoshi. Tunaweza kulitaja mwanzoni mwa sala, katikati ya nyimbo na tunapokemea pepo, huku ujumbe wenyewe ukiendelea kumhusu msikilizaji, maadui zake na mambo anayotamani kuyapata mwaka huu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba aliazimu asijue neno lolote kwao ila Yesu Kristo, naye amesulubiwa. Wengi wetu tumelikariri neno hilo, lakini tunalisoma kana kwamba Paulo alikuwa na somo moja alilolirudia kila siku ya ibada. Aliishi Korintho mwaka mmoja na miezi sita, kama kinavyosema kitabu cha Matendo ya Mitume, na barua yake ya kwanza kwa kanisa hilo inagusa karibu kila shida tunayoletewa na waumini wetu: mafarakano, ndugu wanaoshtakiana mahakamani, uzinzi, ndoa, nyama iliyotolewa kwa sanamu, meza ya Bwana iliyogeuzwa karamu ya wenye nacho, karama zinazotumiwa kwa kushindana. Angalieni jinsi anavyoishika kila shida. Akiliagiza kanisa limwondoe mtu anayeishi na mke wa baba yake, anasema kwamba Pasaka wetu, yaani Kristo, amekwisha kutolewa sadaka, kwa hiyo chachu ya kale itupwe nje. Akizuia zinaa, haanzi na aibu wala magonjwa. Anasema mlinunuliwa kwa thamani. Akizungumzia nyama, anamwita yule mwenye dhamiri dhaifu ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Na wanaojigawa kwa majina ya wahubiri anawauliza kama Paulo ndiye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Masomo ni mengi, na kila somo analifikia kwa kupitia msalaba. Lile swali lake la mwisho, laiti lingeandikwa juu ya matangazo tunayobandika kwenye kuta za mitaa yetu ya Birere na Majengo, ambako picha ya mhubiri hujaza karatasi nzima na jina la Bwana hutafutwa pembeni.

Mamlaka ya kusoma Maandiko hivyo hatukujipa wenyewe. Katika Luka sura ya 24 wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau, nao wanazijua habari zote. Wanaweza kumsimulia mgeni wao jinsi Yesu wa Nazareti alivyokuwa hodari kwa matendo na maneno, jinsi alivyosulubiwa, hata jinsi wanawake walivyokwenda kaburini alfajiri wasiuone mwili wake. Habari zote wanazo, na bado nyuso zao zimekunjamana kwa huzuni. Bwana angeweza kuyafungua macho yao hapo hapo njiani. Hakufanya hivyo. Alianza kutoka Musa na manabii wote, akawaeleza mambo yaliyomhusu yeye mwenyewe, na macho yao yalifumbuliwa baadaye mezani, mioyo ikiwa imekwisha kuwaka kwa Maandiko yaliyofunuliwa. Nawaomba hasa ninyi mnaoongoza makesha ya maombi, ambako watu huja wakitafuta maono: mkumbuke kwamba Yesu mfufuka, akiwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa, alitaka kwanza aonekane katika Torati, Manabii na Zaburi.

Hata hivyo, kumtafuta Kristo katika Agano la Kale kunahitaji uaminifu. Upo mchezo wa kubahatisha ambao wasikilizaji huupenda, na mhubiri huonekana mwenye kina: mawe matano ya Daudi yanakuwa majeraha matano ya Yesu, na kila mti katika Agano la Kale unakuwa msalaba. Tabia hii ni ya zamani sana. Barua ambayo kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho mwishoni mwa karne ya kwanza, inayojulikana kwa jina la Klementi, iliona katika kamba nyekundu ya Rahabu alama ya damu ya Bwana. Siwalaumu ndugu hao, maana upendo wao kwa Kristo ulikuwa wa kweli na wengi wao waliulipia kwa maisha yao. Ila mhubiri anayerukia rangi ya kamba anaweza kuiacha habari yenyewe, ambayo ni kubwa zaidi: mwanamke kahaba, mgeni, wa mji uliokuwa chini ya hukumu, alimwamini Mungu wa Israeli akapokelewa, na jina lake tunalikuta katika ukoo wa Yesu, sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo. Njia ya kutoka kwa Rahabu hadi kwa Kristo imeandikwa tayari. Hatuhitaji kujitengenezea nyingine.

Tumtazame na Daudi, kwa kuwa sijui andiko linalohubiriwa zaidi mjini humu kuliko 1 Samweli sura ya 17. Msikilizaji huambiwa kwamba yeye ni Daudi, kwamba Goliathi ni deni la nyumba, au shangazi mwenye kijicho, au viza iliyokataliwa, na kwamba akiokota jiwe la imani adui ataanguka. Lakini someni habari hiyo polepole. Kwa siku arobaini yule Mfilisti alijitokeza asubuhi na jioni, na jeshi lote la Israeli lilikuwa pale katika bonde la Ela, na silaha zake na mfalme wake, likitetemeka. Kisha mtu mmoja, aliyetiwa mafuta na Samweli na kudharauliwa na ndugu zake mwenyewe, akateremka peke yake kwa niaba ya wote. Aliposhinda yeye, walishinda wale ambao hawakurusha hata jiwe moja. Sisi tuko wapi katika habari hiyo? Tuko kambini pamoja na waoga, na tunamwangalia mwana wa Daudi akiteremka kwa niaba yetu kukutana na mauti. Baada ya hapo ndipo Israeli wanapopiga kelele na kuwafuatia adui zao, kwa hiyo ujasiri nao una nafasi yake, ila unakuja nyuma ya ushindi wa mwingine. Mama anayeuza samaki pale Kituku, aliyeambiwa kwa miaka yeye ni Daudi na Goliathi wake hajaanguka, amebebeshwa mzigo ambao Injili haikumpa. Anarudi nyumbani akidhani imani yake ndiyo iliyopungua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenisumbua moyo kuliko mengine yote. Sisi watu wa Goma tumeishi chini ya Nyiragongo, mlima wa volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikateketeza maduka, nyumba na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama upande wa Buhene karibu na uwanja wa ndege, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka, watu wakashika njia ya Sake, wengine ya Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Tena mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mitaa yetu, na kuna nyumba nyingi ambazo hadi leo hazijui wapendwa wao wamezikwa wapi. Baada ya kila tukio mimbari zilipata kazi. Zipo zilizosema kwamba Goma ni Sodoma na moto umekuja kwa ajili ya madhambi yake. Zipo zilizosema kwamba waliopona walipona kwa sababu walikuwa wakiomba, na waliosikia neno hilo wakiwa wamefiwa walijua maana yake upande wa pili.

Bwana wetu aliletewa habari za namna hiyo, na tunazo katika Luka sura ya 13. Watu walimpasha habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Msiba wa kwanza ulitoka kwa wenye silaha, wa pili ulitoka kwa mawe yaliyoporomoka. Misiba yote miwili tunaijua kwa macho yetu. Yesu akauliza kama hao walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, akajibu mwenyewe: sivyo. Kwa neno hilo moja aliifunga milango ya mahubiri mengi tuliyoyasikia. Kisha akaendelea: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Wito wa toba haukufutwa, lakini ulitolewa kwa walio hai, wote kwa pamoja, na mhubiri naye akiwa miongoni mwao. Haukutupwa juu ya makaburi ya waliokufa.

Mhubiri akiishia hapo atakuwa amesema kweli, na bado hajafika. Lazima aulize ni nani anayesema maneno haya, na yuko njiani kwenda wapi. Tangu sura ya 9 Luka ametuambia kwamba Yesu ameukaza uso wake kwenda Yerusalemu. Anayepewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato ni Mgalilaya, naye anakwenda kusimama mbele ya Pilato huyo huyo, wakati wa Pasaka, wakati wa dhabihu. Damu yake nayo itamwagwa kwa hukumu ya mtawala aliyejua hana kosa. Kwa hiyo Mungu tunayemhubiri baada ya msiba hakukaa mbali akihesabu madhambi ya mtaa huu na mtaa ule. Mwana wake aliingia mwenyewe katika orodha ya waliouawa bila haki, akaichukua hukumu iliyotustahili sote, na siku ya tatu akafufuka. Ukiliondoa hilo, mbele ya watu waliopoteza kila kitu huna unachoweza kuwaambia ila mambo mawili: mlistahili, au jikazeni. Mimi naona yote mawili ni ukatili, hata yakisemwa kwa sauti ya upole.

Nije kwenye matoleo, kwa maana hapa ndipo jaribu lilipo kubwa, na sitaki tulipite kwa adabu. Kanisa linahitaji fedha. Mchungaji ana watoto wa kusomesha, bati za kanisa zinavuja, mafuta ya jenereta yamepanda bei. Njia rahisi imekuwa kuwaambia watu wapande mbegu ili wavune mara mia, na kuitumia Malaki sura ya 3 kama mkataba kati ya mtu na Mungu. Paulo naye alihitaji fedha. Sura ya 8 na ya 9 za barua yake ya pili kwa Wakorintho ni maombi ya mchango kutoka mwanzo hadi mwisho. Angalieni anachokiweka katikati: kwamba wanaijua neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, jinsi alivyokuwa maskini kwa ajili yao, ingawa alikuwa tajiri, ili wao wapate kuwa matajiri kwa umaskini wake. Ahadi za Mungu kuwatunza watoaji zimo katika sura hizo, sizifichi, ila zinakuja baada ya Kristo na zinaelekezwa kwenye kuzidi katika matendo mema. Tena mchango huo haukuwa wa Paulo mwenyewe. Ulikuwa wa maskini wa watakatifu walioko Yerusalemu, na Paulo alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wausindikize, ili mtu asije akamlaumu kuhusu fedha hizo. Mahubiri yanayomweka Kristo katikati ya matoleo yataufikia hata ufunguo wa sanduku la fedha na daftari la mweka hazina. Kama Bwana wetu alikuwa maskini kwa ajili yetu, hatuwezi kutajirika kwa jina lake kutoka kwa mjane wa mtaa wa Ndosho.

Juu ya mafuta ya upako, maji, vitambaa na chumvi nitasema kifupi. Katika Hesabu sura ya 21 Mungu alimwamuru Musa atengeneze nyoka wa shaba, na waliomtazama walipona. Kilikuwa chombo cha Mungu kabisa. Katika 2 Wafalme sura ya 18 tunamkuta mfalme Hezekia akikivunja-vunja chombo hicho hicho, kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wakikifukizia uvumba. Yesu alipomtaja nyoka huyo kwa Nikodemo hakurudisha shaba; alisema kwamba vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa. Yakobo ameagiza wazee wawapake wagonjwa mafuta kwa jina la Bwana na kuwaombea, nasi tuendelee kufanya hivyo bila hofu. Ila siku mkiona watu wanaiulizia chupa kuliko wanavyomuulizia Bwana, mfuateni Hezekia.

Najua kuna ndugu hapa, hasa vijana, wanaosikia maneno haya na kuingiwa na mashaka. Wanasema: ukituambia tumhubiri Kristo tu, je, hutufungi kinywa juu ya mauaji, rushwa na ubakaji? Swali lao ni la haki, maana kweli wapo waliolitumia jina la Yesu kama pazia la kuogopa. Mwezi wa Mei mwaka 1934, serikali ya Hitler ikiwa imekwisha kushika madaraka na baadhi ya viongozi wa makanisa wakiwa tayari kuipigia magoti, wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani walikutana mjini Barmen wakatoa tamko ambalo kwa sehemu kubwa liliandikwa na mwanateolojia Mswisi Karl Barth. Fungu lake la kwanza linasema kwamba Yesu Kristo, kama anavyoshuhudiwa katika Maandiko Matakatifu, ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii, katika uzima na katika mauti. Fungu hilo halimtaji mtawala yeyote, na kila aliyelisikia alielewa limemkataa nani. Mwaka uliofuata Barth alipoteza kazi yake ya kufundisha Bonn, akarudi Uswisi. Nasi ng'ambo ya ziwa letu la Kivu tunaye askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, mtu wa Injili aliyewatetea watu wake na wakimbizi waliokuwa kwao, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Anayeamini kwamba Bwana ni mmoja, naye amesulubiwa, hawezi kuwaona watu kama kuni za vita vya mtu yeyote. Anayehubiri siasa bila Kristo, kwa upande mwingine, hatimaye atachagua kundi lenye silaha lililo karibu na kabila lake, na tumeliona hilo likitokea.

Kuhusu kilio nitasema lililo la lazima. Mkiitwa kuhubiri matangani, msitafute sababu ya kifo, wala msiwape wafiwa Yeremia 29 mstari wa 11 bila mstari wa 10, ambamo Mungu anawaambia wahamishwa wa Babeli kwamba miaka sabini itapita kwanza. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa huko huko ugenini. Someni Yohana sura ya 11, ambako Yesu anamwambia Martha kwamba yeye ndiye ufufuo na uzima, kisha analia pamoja na Mariamu, kisha anamwita Lazaro atoke. Someni pia 1 Wakorintho sura ya 15, na msiogope kuirudia katika kila kilio, kwa kuwa Paulo mwenyewe anasema kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure, na watu waliofiwa wana haki ya kuambiwa waziwazi kwamba amefufuka, na kwamba yeye ni limbuko lao waliolala.

Kesho asubuhi tutagawanyika katika vikundi, na kila kikundi kitaandaa mahubiri yatakayosikilizwa na kupimwa na wengine kabla ya chakula cha mchana. Nimechagua kwa makusudi maandiko ambayo hayafunguki upesi: kitabu cha Esta, ambacho hakilitaji hata jina la Mungu, Mithali sura ya 6, juu ya mvivu na mdudu chungu, Zaburi ya 88, inayomalizika gizani, na Yakobo sura ya 2, juu ya imani isiyo na matendo. Njooni na Biblia na kalamu, na usiku huu kila mmoja asome andiko la kikundi chake angalau mara mbili kabla ya kufungua kitabu chochote cha maelezo.